Siku ya Arbia Bwawani Harole

Arbia Sugow alikuwa na mkono mmoja na mbwa wawili, na watu wa bulla yake, mtaa wa pembezoni mwa Garissa, hawakuweza kuamua kati ya hayo mawili lipi liwashangaze zaidi. Mkono walikuwa wameshauzoea. Mbwa hawakuwazoea hata kidogo.

Habari ya mkono ilikuwa ya zamani. Arbia alizaliwa upande wa Balambala, katika familia ya wafugaji ambayo kiangazi kikikaza ilisogea na mifugo hadi ukingoni mwa Tana. Huko yeye na kaka yake Siyad walifundishwa kuogelea na watoto wa wavuvi, kwa siri, kwa sababu baba yao aliamini maji ni ya kunywesha ngamia na kutilia udhu, basi. Arbia alishika mambo upesi kuliko kaka yake. Wasichana wenzake waliogopa kulowesha magoti, lakini yeye aliuvuka mto akarudi, nywele zinamdondoka maji, akajikausha juani ndipo aende nyumbani. Kisha asubuhi moja, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, aliinama kujaza mtungi na mamba akamnasa mkono wa kushoto. Siyad ndiye aliyemwokoa. Alimchoma yule mnyama macho kwa fimbo ya kuchungia mbuzi, akachoma tena na tena, hadi taya zikaachia. Hospitalini walimkata mkono chini ya kiwiko ili kuokoa yaliyobaki.

Tangu hapo Arbia hakuingia majini. Alioga kwa kopo, amesimama mbali na beseni. Gari likipita kwenye daraja la Garissa alifumba macho na kusoma Ayatul Kursi hadi asikie matairi yamerudi kwenye lami ya kawaida. Mto ulipofurika na watu wakawa bado wanabishana kama maji yatafika mitaani au hayatafika, yeye alikuwa ameshahamisha mbuzi wake zamani.

Wazee walisema msichana wa mkono mmoja hataolewa. Aliolewa na Deeq, dalali wa soko la mifugo, mtu mcheshi aliyempenda kwa sababu siku moja alijaribu kumlalia kwenye bei ya beberu na akashindwa. Deeq alifariki kwa maradhi ya ini binti yao Hamdi akiwa bado shule ya msingi. Ndugu za marehemu walitaka Arbia auze mbuzi, ahamie kwao, akae akingoja kulishwa. Alikataa. Aliamka alfajiri akakamua, chombo amekibana kwa magoti, akapeleka maziwa sokoni, akarudi kuchunga. Hamdi alisoma hadi akawa mwalimu, na hakuna siku aliyorudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Mbwa waliingia kwenye maisha yake kwa ajili ya fisi. Mwaka mmoja wa ukame fisi walizoea kuingia hadi ndani ya mji, wakawa wanararua ua wa miiba na kuondoka na mbuzi kama watu wanaochukua vitu vyao. Majirani walimwambia Arbia akeshe kama wao.

"Nyinyi mna mikono miwili," aliwajibu. "Fisi akija mnashika tochi na rungu. Mimi nachagua kimoja. Nikishika tochi namwona akinila. Nikishika rungu napiga giza."

Akaenda kwa jamaa zake wa malishoni, akarudi na watoto watatu wa mbwa ndani ya gunia. Dume wa rangi ya mchanga alimwita Libah, yaani simba. Jike jeupe akamwita Adeey, kwa weupe wake. Wa tatu aliitwa Dalmar. Aliwalea kwa utaratibu wa dini aliolelewa nao: walikuwa na sufuria yao, walilala upande wao wa ua, hawakuvuka kizingiti cha nyumba, na ulimi wa mbwa ukigusa chombo, chombo kilioshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Imamu alipoulizwa alisema mbwa wa kulinda mifugo hana ubaya. Fisi hawakuonekana tena kwake. Lakini watu hawakuacha kunung'unika na kurusha mawe juu ya ua, na siku alipokwenda Wajir kwa harusi ya binamu yake, mtu asiyejulikana alimtupia Dalmar nyama yenye sumu. Arbia alirudi akakuta ameshazikwa. Hakumshutumu mtu. Ila tangu hapo aliapa kwamba hatalala wala kushinda mbali na wale wawili waliobaki.

Kwa hiyo Hamdi alipopata kazi katika shule moja ya Balambala, na akampigia mama yake simu kumwalika waende kutembea siku ya Jumamosi, alijua suala litakuwa nini.

"Kuna bwawa hapa, hooyo," alisema Hamdi. "Linaitwa Harole. Mvua zilizopita zimelijaza hadi mdomoni. Watu wanatoka mbali kuja kuliangalia. Njoo ukae chini ya mti siku moja, usikamue, usichunge."

"Bwawa," alisema Arbia, kama anayetaja jina la mtu aliyemkosea.

"Utakaa mbali na maji. Sitakusogeza."

"Na mbwa wangu nawaacha na nani, hooyo?" Arbia naye alimwita binti yake hooyo, mama, kama wanawake wa Kisomali wanavyowaita watoto wao.

Khadra, jirani wa ubavuni, alikuwa tayari siku zote kuwatazama mbuzi. Mbwa aliwakataa, kwa heshima lakini kabisa.

"Basi waje," alisema Hamdi. "Abdimalik atawaleta na pikapu."

Abdimalik, mtoto wa dada yake Arbia, alikuwa kijana anayeipenda pikapu yake kuliko mavazi yake. Alipofika Jumamosi asubuhi na kuwaona Libah na Adeey wamekaa mlangoni wakimngoja, alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Habaryar," alimwita, yaani mama mdogo, "Hamdi aliniambia mizigo. Hakuniambia mizigo ina meno."

"Watakaa nyuma. Nimeleta turubai, nitatandika mwenyewe, na nitaliosha mwenyewe."

"Na wakiruka barabarani?"

"Hawataruka."

Abdimalik hakuridhika. Alitoa kamba mbili za katani, akamsihi awafunge shingoni na kwenye vyuma vya pikapu. Arbia hakupenda, kwa maana mbwa wake hawakuwahi kufungwa, lakini gari halikuwa lake. Akawafunga, akitumia mkono na meno, kwa fundo ambalo Abdimalik alilijaribu mara mbili asiweze kulilegeza.

Waliondoka jua likiwa bado pole. Mvua ilikuwa imeibadilisha nchi. Mahali ambapo mwaka wa ukame paliachwa mifupa ya ng'ombe, sasa palikuwa na nyasi hadi magotini, na migunga ilikuwa imechanua ikanukia kama asali. Nyuma, Libah alisimama ameweka miguu ya mbele juu ya tairi la akiba, masikio yakipepea. Adeey alikuwa amelala chali. Wachungaji waliokuwa kando ya barabara waliinua fimbo kumsalimu Abdimalik, kisha wakaona mzigo wake na kucheka hadi wakainama. Abdimalik alipandisha kioo.

Hamdi aliwapokea bwawani. Arbia alishuka, akajitengeneza jilbabu, halafu akainua macho na kusahau kumsalimu mtoto wake.

Hakuwa amewahi kuona maji mengi yaliyotulia. Aliyajua maji ya Tana, ya kahawia, yanayokwenda mbio kama yana jambo la kuficha. Haya yalikuwa yamelala. Yalianza kwenye ukingo wa udongo mwekundu na kwenda mbali hadi kwenye safu ya mikoma ng'ambo ya pili, na mbingu yote ilikuwa ndani yake, mawingu na kila kitu. Vigogo vya migunga ya zamani vilichomoza katikati, vikavu, na juu ya kila kigogo alisimama ndege mweupe. Bata bukini walielea kwa familia. Upepo ulipopita, maji yalikunjamana kidogo kisha yakajinyoosha.

"Nilikwambia," alisema Hamdi taratibu.

Mlinzi wa bwawa aliwajia akichechemea. Alikuwa mzee wa Kimunyoyaya aitwaye Kotile, aliyevua samaki Tana hadi nyonga yake ilipovunjika, na kwa kuwa lugha zao hazikufanana walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake. Kotile aliwatazama mbwa kwa muda.

"Hawa ni wa kuchunga?"

"Wa kuchunga na kulinda," alisema Arbia. "Wanasikia mimi."

"Upande hii watu wanachota ya kunywa. Maji ni mingi, haiharibiki na mbwa mbili, lakini mtu akiona moyo yake itakataa. Nyinyi nendeni upande ya ng'ombe, kwa ile miti. Huko ni sawa."

"Mzee," Arbia alimzuia kwa sauti ya chini, "hii maji iko na mamba?"

"Hakuna. Hii ni maji ya mvua, imeingia na laga, ile mto ya mvua. Tana iko mbali."

"Una hakika?"

Kotile aliuona mkono uliofupika chini ya jilbabu, akaelewa swali lilikotoka. "Mama, mimi nimekaa na mamba maisha yangu yote. Naijua harufu yake, naijua njia yake kwa matope. Kila asubuhi nazunguka hapa yote. Ingekuwa mamba, ningekuwa wa kwanza kwenda nyumbani."

Walitandika mkeka chini ya mgunga mkubwa, mbali na maji kama Hamdi alivyoahidi. Abdimalik aliwafungua mbwa kutoka kwenye pikapu. Alitaka kuwavua kamba lakini fundo la Arbia lilimshinda, na Arbia alikuwa akipakua chakula, kwa hiyo alizifungua upande wa chuma tu akawaacha waende. Libah alikuwa amekwisha kuitafuna yake njiani, akabaki na kipande kifupi. Ya Adeey ilikuwa nzima, na ilimfuata nyuma kama mkia wa pili.

Walikula wali wa nyama ya mbuzi na ndizi, wakanywa chai ya iliki kutoka kwenye chupa. Wanawake kadhaa wa Balambala waliokuwa wakifua hapo karibu waliletewa sahani yao, wakaleta maziwa ya ngamia kwenye kibuyu. Arbia alikaa ameegemea shina, miguu ameinyoosha. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa mchana bila mikono, bila mkono wake, kuwa na kazi. Hamdi alimsimulia habari za wanafunzi wake na akamwona mama yake akicheka mpaka meno ya nyuma.

Mbwa walikuwa na sherehe yao. Walikimbia ukingoni, wakajirusha kwenye matope, wakatoka wekundu, wakaingia tena. Arbia aliwatazama wakiogelea na kitu kikasogea kifuani mwake, kitu kama wivu, akakiacha kipite.

Kisha Adeey aliwaona bata bukini. Aliingia majini mzima mzima, akapiga miguu, kichwa chake cheupe kikaenda kikiwafuata. Bata hawakuharakisha. Walijivuta tu mbele yake, mbali kidogo, mbali tena kidogo, hadi katikati ya vigogo vikavu, ndipo wakaruka. Adeey aligeuka kurudi. Akaogelea, akaogelea, na hakusogea.

"Anacheza," alisema Abdimalik.

Arbia alikuwa ameshasimama. "Kamba," alisema. "Kamba imenasa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kamba ya katani ilikuwa imezama na kujizungusha kwenye matawi ya mgunga uliolala chini ya maji. Kila Adeey alipovuta, ilimvuta kichwa chini. Alilia mara moja, sauti nyembamba iliyovuka maji yote, halafu hakulia tena kwa sababu alihitaji pumzi. Libah alikimbia ukingoni huku na huku akibweka.

"Abdimalik," alisema Hamdi.

"Sijui kuogelea. Wallahi sijui. Nimezaliwa Wajir, maji niliyajua kisimani."

Mzee Kotile alikuja mbio kwa mwendo wake wa kuchechemea, akaingia hadi magotini, mguu ukamkataa, akaangukia mkono. Abdimalik alimwinua. Mmoja wa wanawake waliokuwa wakifua alisema, bila ubaya, kama mtu anayetoa pole, "Mwacheni. Ni mbwa tu."

Arbia alimsikia. Alikumbuka baadaye kwamba hakumkasirikia. Alikuwa akitazama kile kichwa cheupe, kilivyokuwa kikiingia chini na kutoka, na kila kilipoingia kilikawia zaidi. Hofu aliyokuwa nayo tangu utotoni haikuondoka. Ilikuwa pale pale, ikimwambia habari za meno na matope. Ila ilikuwa imepata mshindani.

Alivua jilbabu, akabaki na baati lake pana na kitambaa kichwani. Akakusanya upindo wa gauni, akaufunga kiunoni kwa mkono na meno. Akainama mkekani, akachukua kisu cha kukatia nyama.

"Hooyo, unafanya nini?" Hamdi alimshika bega. "Hooyo, sikiliza, hapana."

"Niachie."

"Huna mkono, hooyo."

"Ninao mmoja," alisema Arbia. Akakibana kisu kwa meno, akaingia.

Matope yalikuwa ya moto, na chini yake maji baridi. Yalimfika magotini, akaendelea. Yalimfika kiunoni, na mwili wote ukamwambia ageuke. Alisoma moyoni alichokuwa akikisoma darajani, macho yake wazi safari hii, akachukua hatua nyingine, na ardhi ikaisha chini ya nyayo zake.

Alizama. Maji yalimwingia puani, masikio yakaziba, na kwa muda mfupi alikuwa tena msichana wa miaka kumi na mitatu na dunia nzima ilikuwa ya kahawia. Kisha miguu yake ikapiga. Hakuiamuru. Ilipiga yenyewe, kama ilivyofundishwa na watoto wa wavuvi zamani zile, mkasi kwa mkasi, na kichwa chake kikatoka juu penye hewa. Alijilaza ubavu. Mkono wa kulia ukaenda mbele, ukachota maji, ukarudi. Kile kipande cha kushoto, alichokuwa akikificha chini ya nguo miaka yote hiyo, kikashika kazi yake bila kuulizwa: kilimpa mwelekeo, kama usukani.

Ukingoni Hamdi alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja viwili. Mzee Kotile, aliyekuwa amekaa kwenye matope, aligeuza uso kwa adabu, kisha akashindwa, akatazama.

"Huyu mama amezaliwa na mto," alimwambia Abdimalik.

Arbia alifika kwenye vigogo. Adeey alipomwona alijitupa kwake kwa hofu, kucha zikamparura shingo na kifua, wote wawili wakaenda chini. Arbia alipanda akitema maji, kisu bado kimebanwa, akamsukuma mbwa kwa bega. Akaegemeza kipande cha mkono wake wa kushoto juu ya kigogo, akajining'iniza pale, na mkono wa kulia ukawa huru. Akachukua kisu kinywani.

"Tulia," alimwambia Adeey kwa Kisomali, kwa sauti ile ile ya zizini. "Tulia, mimi niko hapa."

Adeey alitulia. Pua yake tu ndiyo ilikuwa juu ya maji. Arbia alifuata kamba kwa vidole kutoka shingoni kwenda chini, hadi mahali ilipokaza, akaingiza kisu na kuanza kukata. Katani iliyolowa ni ngumu kama mshipa. Alikata, akapumua, akakata. Nyuzi za mwisho zilikatika zenyewe.

Mbwa alitoka kama jiwe lililotupwa kwa teo. Lakini hakwenda ukingoni. Alizunguka kigogo, akamrudia Arbia, akabaki hapo akiogelea karibu naye. Na Libah, ambaye hakuna aliyemwona akiingia majini, alikuwa amefika naye. Walikuwa watatu, vichwa vitatu katikati ya Harole.

"Rudi, hooyo," aliita Hamdi, sauti ikimkatika. "Rudi sasa, mbwa amepona."

Arbia alikiachia kisu kizame. Alitazama upande wa Hamdi, mkeka, pikapu, wanawake waliosimama na nguo zao zikidondosha maji. Kisha alitazama upande wa pili, kwenye mikoma. Ilikuwa mbali zaidi. Hakuwa amechoka. Jambo hilo ndilo lililomstaajabisha: kifua kilikuwa kikienda juu na chini, moyo ukipiga kama ngoma ya arusi, na hakuwa amechoka. Maji yalikuwa yamembeba kama kitu chepesi.

Aligeuka akaogelea kwenda ng'ambo.

"Anakwenda wapi?" Hamdi alimuuliza Mzee Kotile. "Mzee, amepotea njia."

"Hajapotea. Mwache. Anavuka."

Alivuka. Alikwenda ubavu, bila haraka, Libah kushoto na Adeey kulia, na nyuma yao mifuo mitatu ya maji ikapanuka ikagusana. Ndege waliokuwa kwenye vigogo waliruka mmoja mmoja wakarudi kukaa. Alipofika kati ya vigogo na ng'ambo alilala chali, akaacha kupiga miguu, akatazama mawingu, maji masikioni. Alicheka peke yake mle, kicheko ambacho hakuna aliyekisikia ila mbwa. Halafu akajigeuza akamaliza safari. Walimwona akisimama chini ya mikoma, mdogo kwa umbali, nguo imemganda, na akainua mikono yake yote miwili juu, mrefu na mfupi.

Yule mwanamke aliyesema mwacheni ndiye aliyeanza vigelegele. Wenzake wakadakia, vikaenda juu ya maji hadi ng'ambo. Hamdi alipiga kigelegele huku akilia. Abdimalik alikuwa amekaa chini, kofia yake amefunika uso, mabega yakimtikisika, na alipoulizwa alisema ni vumbi, ingawa hapo hapakuwa na vumbi.

Walizunguka kumchukua kwa gari. Arbia aliomba kwanza shuka, kisha udongo safi. Mzee Kotile aliuchagua mwenyewe, akauchekecha kwa vidole, akauleta kwenye kopo na mtungi wa maji, na wanawake wakamsitiri kwa kanga huku Hamdi akimmiminia, mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa aliyemkumbatia mbwa akiwa ameloa. Alisali adhuhuri chini ya mikoma, mikwaruzo ikimwasha shingoni. Alikaa kwenye kusujudu muda mrefu.

Jioni, kwenye pikapu, hakuna mtu aliyezungumzia kamba. Mbwa walilala nyuma bila kufungwa, Abdimalik mwenyewe amewatandikia turubai na kulifunika shuka lake. Walipofika darajani, Hamdi, aliyekuwa amewasindikiza ili alale kwa mama yake, alimgeukia kama alivyozoea ili amshike mkono. Arbia alikuwa amefungua kioo na kutoa kichwa nje kuutazama mto.

Usiku ule simu ilitoka kwa Siyad, aliyekuwa anaishi Wajir siku hizi na ngamia wake. Habari zilikuwa zimemfikia kwa njia ya Abdimalik, zikiwa zimeongezwa chumvi kiasi cha kutosha.

"Nasikia umepigana na mamba bwawani," alisema.

"Hakukuwa na mamba. Kulikuwa na kamba."

"Ukavuka?"

"Nikavuka, walaal, ndugu yangu."

"Peke yako?"

"Na mbwa."

Kaka yake, aliyemchoma mamba macho kwa ajili yake na tangu siku ile hakuwa amemwacha asogelee hata hori la maji bila kumwita, alisema alhamdulillah mara nyingi mfululizo, kisha akaomba azungumze na Hamdi kwa sababu hakuweza kuendelea.

Mbwa walibaki mbwa. Khadra bado hawataki karibu na mlango wake, na hakuna anayemlazimisha. Lakini yale mawe yaliyokuwa yakirushwa juu ya ua mara kwa mara yalikoma, na siku moja imamu alipokuwa akipita aliuliza jina la yule mweupe.

Arbia alirudi Harole mwezi uliofuata, na mwezi mwingine. Mara ya tatu alimkuta yule mwanamke wa vigelegele, jina lake Anab, akimngoja ukingoni upande wa miti pamoja na wenzake wawili. Walikuwa wamevaa nguo za kulowa na nyuso za watu waliobishana njia nzima. Anab alisema wanachota maji ya Tana kila siku ya Mungu, wao na binti zao, na hakuna hata mmoja anayejua la kufanya mguu ukiteleza.

"Mimi si mwalimu," alisema Arbia. "Mwalimu ni mtoto wangu."

"Mtoto wako hajui kuogelea," alisema Anab.

Arbia alicheka, akakubali. Mzee Kotile alihamisha kiti chake kwenda upande wa pili wa bwawa, akakaa amewapa mgongo, akawazuia wanaume wote kupita. Arbia alivua jilbabu na kuingia hadi kiunoni, Libah na Adeey wakajilaza kivulini. Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya maji, umekaza kama mti.

"Shika hapa," alimwambia Anab. "Lala. Mimi nimekushika. Sasa piga miguu."

Anab alishika, akafumba macho, akapiga miguu, na maji yakaruka juu kila upande.